Hesabu Ilipatia, Magari Hayakutosha: Kisa cha Kutsuplus, Helsinki

Tarehe 31 Desemba 2015 ilikuwa siku ya mwisho ya kazi kwa mabasi madogo 15 mjini Helsinki, Finland. Yalikuwa ya viti tisa, hayakuwa na ruti wala ratiba, na dereva hakujiamulia aende wapi. Kompyuta ndiyo iliyompangia kituo baada ya kituo. Huduma hiyo iliitwa Kutsuplus, na "kutsu" kwa Kifini ni mwito. Ilikuwa imedumu miaka mitatu na ushei. Waliojiandikisha walikuwa wamepita 20,000, na mwaka huo wa mwisho zilifanyika safari karibu 100,000, nyingi kuliko mwaka wowote uliotangulia. Ndipo ikafungwa.

Huduma inayokimbiwa na wateja haihitaji mchambuzi. Hii ilikuwa inakua, programu yake haikuyumba, gari lilifika lilipoahidiwa, na bado daftari la fedha lilikataa. Nimeisoma habari ya Kutsuplus mara nyingi, na kila mara naona watu wakilaumu kitu tofauti: nauli, matangazo hafifu, wanasiasa. Mimi nalaumu namba moja tu, hiyo 15. Na kinachonisikitisha ni kwamba ubaya wa namba hiyo ungeweza kuonekana kwenye karatasi kabla gari la kwanza halijawashwa, kwa hesabu ambazo nyingi ni za sekondari.

Kwanza, ilivyofanya kazi. Mwenye huduma alikuwa HSL, mamlaka ya usafiri wa umma ya eneo la Helsinki. Ubongo wa mfumo ulitoka kwenye utafiti wa Chuo Kikuu cha Aalto ulioanza 2007, ambao baadaye ulizaa kampuni ndogo iliyoitwa Ajelo. Majaribio yalianza 2012 kwa kundi dogo, na mwaka 2013 milango ikafunguliwa kwa umma. Mwanzoni magari yalikuwa 10, kisha yakafika 15. Abiria alifungua tovuti kwa simu, akaandika anatoka wapi na anakwenda wapi, mfumo ukamjibu: tembea hadi kituo fulani cha basi, gari litapita saa fulani, utafika kabla ya saa fulani, nauli yako ni hii. Akikubali, pesa inakatwa papo hapo na ahadi imefungwa. Njiani gari lingeweza kuokota wengine, lakini si kwa kuvunja ahadi aliyopewa wa kwanza.

Nauli mwanzoni ilikuwa euro 3.50 ya kuanzia na senti 45 kwa kila kilomita. Kwa safari ya kilomita 6 hiyo ni euro 6.20, wakati tiketi ya basi la kawaida ilikuwa kama euro 3. Abiria alilipia safari yake mwenyewe. Mzunguko uliosababishwa na wenzake haukumgusa mfukoni. Lengo lilikuwa kukaa katikati ya basi na teksi, hasa kwa safari za kukata mji kimshazari. Helsinki imejengwa juu ya rasi, na katikati ya mji pako nchani kabisa, kwa hiyo treni, tramu na mabasi mengi yanaelekea huko. Anayetaka kutoka kiunga cha magharibi hadi kiunga cha kaskazini mara nyingi hulazimika kwenda mjini kwanza, ashuke, apande tena.

Husemwa kwamba wazo hili lilitangulia wakati wake. Hapana. Mji wa Haddonfield, New Jersey, ulikuwa na mabasi ya kuita kwa simu kati ya 1972 na 1975, kwa fedha za serikali kuu ya Marekani. Wakati huohuo watafiti wa chuo kikuu cha MIT, akiwemo Nigel Wilson, walikuwa wakiandika programu za kuyapangia njia magari ya namna hiyo, na mwaka 1980 Harilaos Psaraftis alichapisha suluhisho kamili la kihisabati kwa gari moja. Kilichobadilika hadi 2012 ni simu mfukoni mwa kila mtu na kompyuta zenye kasi. Tatizo lenyewe lilikuwa na umri wa miaka arobaini.

Kompyuta ilikuwa inahesabu nini

Gari lina abiria tisa. Kila mmoja ana mahali pa kupanda na mahali pa kushuka, na lazima apande kabla ya kushuka. Sharti ni hilo tu. Kuna njia ngapi za kupanga vituo hivyo 18? Jibu ni faktoria ya 18 (18 mara 17 mara 16, hadi 1) gawanya kwa 2 iliyozidishwa yenyewe mara tisa, yaani kama trilioni 12.5. Hiyo ni kwa gari moja, na maombi mapya yanaingia kila dakika chache. Mwenye kutaka jibu bora kuliko yote kwa magari yote atakuwa bado anahesabu wakati abiria wake wameshapanda tramu na kufika.

Kwa hiyo hakuna anayefanya hivyo. Njia ya kawaida, iliyozoeleka tangu miaka ya 1980, ni ya kuchomeka. Orodha ya vituo vya gari unaiacha kama ilivyo, unachomeka viwili vipya, cha kupanda na cha kushuka, mahali ambapo vinasumbua kidogo zaidi. Gari lenye vituo 6 mbele yake lina nafasi 28 za kuchomeka jozi hiyo. Kwa magari 15 ni nafasi 420. Unaijaribu kila moja, unatupa zinazovunja ahadi ya mtu, unachukua iliyo bora katika zilizobaki. Kwa kompyuta ni kazi ya kufumba na kufumbua.

Tuseme ni saa 2:10 asubuhi. Gari limetoka Otaniemi, kwenye chuo cha Aalto, na watu wawili wanaokwenda Pasila. Mtu wa tatu anaomba kutoka Munkkiniemi hadi hospitali ya Meilahti. Munkkiniemi ipo njiani, hilo halina tatizo. Meilahti iko upande mmoja kidogo, kwa hiyo wale wawili watachelewa dakika kadhaa. Kama waliahidiwa kufika saa 2:35 na sasa watafika 2:32, gari linakata kona. Kama ahadi ilikuwa 2:30, haliwezi, na mfumo unamtafutia wa Munkkiniemi gari jingine. Ahadi zikiwa za kubana, machaguo mengi yanakufa mapema. Kwa mwanahisabati hiyo ni neema: Lauri Häme wa Aalto alionyesha kuwa madirisha membamba ya muda yanafanya hata jibu kamili kwa gari moja lipatikane haraka. Kwa mhasibu hiyo ni balaa, kwa sababu kila chaguo lililokufa ni abiria ambaye hakuunganishwa na wenzake.

Kuna jambo la pili ambalo naliona ndilo zuri kuliko yote katika kazi ya watu wa Aalto. Ukichagua kila mara gari litakaloongezewa kilomita chache zaidi, utalipakia gari lililokwisha kubanwa, kwa sababu tu linapita karibu. Nusu saa baadaye halina nafasi ya kupokea yeyote, na mengine yamesimama. Esa Hyytiä, Aleksi Penttinen na Reijo Sulonen, katika makala yao ya 2012, walilichukulia kila gari kama foleni ya benki na kuliongezea adhabu inayokua kwa mraba wa muda uliobaki wa kazi yake. Gari lenye kazi ya dakika 10 linaadhibiwa 100, la dakika 30 linaadhibiwa 900. Kazi ikiongezeka mara tatu, adhabu inaongezeka mara tisa. Hivyo mfumo unawawekea nafasi watu ambao bado hawajaomba. Dereva mzoefu wa teksi anayejua asijifunge na safari ndefu saa ya msongamano anafanya jambo hilohilo kwa hisia.

Nasema haya ili ieleweke kwamba upande wa programu hapakuwa na ubabaishaji. Wanaodai Kutsuplus ilishindwa kwa kuwa teknolojia ilikuwa changa wanawaonea watu bure.

Kipeuo cha pili kisichosamehe

Sasa tuje kwenye 15. Chukua eneo la kilomita za mraba 100, kiwango kinachoeleweka kwa mji wa namna ile, na utawanye magari matupu ndani yake bila mpangilio. Umbali wa wastani kutoka kwa abiria hadi gari lililo karibu naye zaidi ni nusu ya kipeuo cha pili cha eneo gawanya kwa idadi ya magari. Yakiwa 15 na yote ni matupu: 100 gawanya kwa 15 ni 6.67, kipeuo chake 2.58, nusu yake kilomita 1.29. Barabara hazinyooki, ongeza asilimia 30, unapata kama kilomita 1.7. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa wa mjini hiyo ni dakika 5.

Dakika 5 si mbaya. Lakini magari hayakai matupu. Asubuhi yakibaki manne tu yasiyo na kazi, fomula ileile inatoa kilomita 3.25 za barabarani, karibu dakika 10, na hizo zote ni za kwenda kumfuata mtu bila anayelipa ndani ya gari. Hapo ndipo kipeuo cha pili kinapoonyesha ukatili wake: ili kusubiri kupungue kwa nusu, magari lazima yawe mara nne. Si mara mbili.

Hilo ni la kusubiri. La kuunganisha abiria ni gumu zaidi, na ndilo lililobeba uhai wa huduma, maana bila kuunganisha basi dogo la viti tisa ni teksi yenye mwili mkubwa. Safari 100,000 kwa mwaka, ukichukulia siku za kazi 250, ni 400 kwa siku. Zitawanye kwa saa 12: ni 33 kwa saa, au kama 5.6 katika kila dakika 10. Wewe unataka kusafiri sasa. Ni wangapi katika hao wa dakika 10 wanaoanzia ndani ya kilomita moja kutoka ulipo, na wanaishia ndani ya kilomita moja kutoka unakokwenda? Duara la nusu kipenyo cha kilomita moja ni asilimia 3.14 ya kilomita za mraba 100. Izidishe asilimia hiyo kwa yenyewe, moja kwa mwanzo na moja kwa mwisho, halafu kwa 5.6. Jibu ni 0.0055. Yaani katika watu 180 hivi, mmoja tu ndiye anayepata pacha wa safari.

Nimekuwa mkali makusudi. Watu hawatawanyiki sawasawa kama mchanga; kuna vyuo, stesheni, hospitali, na hapo maombi hurundikana. Tena si lazima muwe pacha, inatosha mwenzako awe njiani. Hata ukilegeza kiasi hicho, ukihesabu yeyote aliye kwenye ukanda wa kilomita mbili kando ya njia yako ya kilomita 6 na anayeelekea upande wako, bado unapata kama mmoja kati ya 25. Kuzidisha kwa mbili au tatu hakubadilishi hadithi.

Linganisha na Manhattan. Mwaka 2017 Javier Alonso-Mora, Daniela Rus na wenzao walichapisha kazi iliyotumia kumbukumbu za teksi za New York, safari karibu milioni 3 za wiki moja. Walionyesha kuwa magari 3,000 ya abiria wanne, au 2,000 ya abiria kumi, yangeweza kuhudumia asilimia 98 ya safari zilizokuwa zikifanywa na teksi zaidi ya 13,000, na kwa wastani abiria angesubiri chini ya dakika 3. Matokeo hayo yalizunguka dunia nzima, na kila jiji likaanza kuota. Wachache walisimama kwenye namba ya mwanzo: milioni 3 kwa wiki ni zaidi ya 400,000 kwa siku, katika kisiwa cha kilomita za mraba kama 59. Helsinki ilikuwa na 400 kwa siku. Tofauti ni mara elfu, na nafasi ya kupata mwenza wa safari hupanda sambamba na idadi ya maombi.

Abiria wangapi ndani ya gari?

Kuna kanuni moja nyepesi ambayo John Little aliithibitisha mwaka 1961. Ukijua watu wangapi huingia dukani kwa saa, na kila mmoja hukaa ndani muda gani, unajua kwa wastani wangapi wamo ndani. Zidisha tu. Gari nalo ni duka.

Dhana ni zangu, na msomaji yuko huru kuzibadili: kila gari barabarani saa 12 kwa siku 250, jumla ya saa-gari 45,000 kwa mwaka kwa magari 15. Safari 100,000 gawanya kwa hizo ni 2.2 kwa saa kwa kila gari. Kila abiria akikaa ndani dakika 24, yaani saa 0.4, basi kwa wastani gari lina watu 0.9. Viti tisa, mtu mmoja asiyetimia.

Weka gharama ya gari na dereva wa Kifini kuwa euro 45 kwa saa, nayo ni dhana. Kwa nauli ya euro 6 unahitaji abiria 7.5 kwa saa ili ujilipe. Rudi kwa Little: 7.5 mara 0.4 ni watu 3 ndani ya gari kwa wastani wa siku nzima, saa za mchana zilizopoa zikiwemo, kilomita za kwenda kumfuata mtu zikiwemo. Kutoka 0.9 hadi 3 huwezi kufika kwa tangazo la redioni. Unafika tu kama maombi yamekuwa mengi kiasi kwamba karibu kila safari ina mwenza.

Upande wa fedha halisi, gharama ya huduma kwa mwaka ilikuwa katika kiwango cha euro milioni 3. Igawe kwa safari 100,000: ni kama euro 30 kwa safari moja. Namba hiyo ndiyo iliyoingia kwenye mijadala ya manispaa zinazoichangia HSL, na ni namba isiyo na mtetezi. Ukisimama mbele ya madiwani wanaotafuta pa kukata bajeti, huwezi kuwaambia kwamba kila mtu aliyepanda amewagharimu kiasi hicho, kisha ukaomba magari mengine.

Na kuomba ndiko kulikokuwa kwenye mpango. HSL ilitaka magari 45 mwaka 2016, kisha 100 mwaka uliofuata, na mbele zaidi mamia. Watafiti walikuwa wamesema tangu mwanzo kwamba huduma ya namna hii hupata nafuu kwa ukubwa: magari mengi yanapunguza kusubiri, kusubiri kukipungua watu wanaongezeka, watu wakiongezeka wanaunganishwa, wakiunganishwa gharama ya kila mmoja inashuka. Wachumi wa usafiri wanalijua hili kwa mabasi ya kawaida pia. Herbert Mohring aliliandika mwaka 1972, kwamba kila abiria mpya anayesababisha basi liongezwe anawapunguzia wenzake muda wa kukaa kituoni. Tatizo ni kwamba gurudumu hilo linazunguka pande zote mbili. Chini ya kiwango fulani linarudi nyuma, na kila safari inaonekana ghali kuliko itakavyokuwa huduma ikikomaa. Manispaa zilipewa sampuli ya kitu ambacho sampuli yake haifanani nacho. Ni kama kuonja pilau kwa kupewa punje moja ya mchele mbichi.

Hapa niseme kidogo juu ya daladala, kwa sababu najua msomaji wa Dar es Salaam amekwisha kuiwaza. Daladala nayo haina ratiba, na konda hahitaji kompyuta kumpata mtu wa tatu, achilia mbali wa thelathini. Siri yake ni barabara. Ruti isiyobadilika inawalazimisha watu wote wa pande mbili watembee hadi kwenye mstari mmoja, na hapo wanakuwa wameshaunganishwa kabla gari halijafika. Kazi ya kukusanya inafanywa kwa miguu ya abiria, na gari likisubiri lijae stendi, inalipwa pia kwa muda wao. Kutsuplus ilijaribu kuwapunguzia watu kutembea na kusubiri, kwa hiyo kazi ya kukusanya ikahamia kwenye petroli na mshahara wa dereva. Hesabu haipotei, inabadilisha tu mlipaji.

Je, wangeweza kujaribu kwa namna nyingine kwa magari hayohayo 15? Hili nimelifikiria sana. Njia iliyo wazi ni kubana eneo. Weka magari 15 katika kilomita za mraba 15 badala ya 100, na ghafla una msongamano sawa na magari 100 katika eneo lote: nusu kilomita hadi gari la karibu, dakika 2 hivi za kusubiri. Kwa fomula, umeshapata huduma ya ndoto zako kwa bei ya majaribio.

Ila eneo likibanwa, safari nazo zinabanwa. Umbali wa wastani kati ya sehemu mbili zilizochaguliwa kwa bahati ndani ya mraba ni 0.52 ya upande wake. Kwa kilomita za mraba 100 hiyo ni kilomita 5.2, kwa 15 ni kilomita 2. Nani atalipa euro 4 na kitu kwenda kilomita 2 katika mji wenye tramu na njia nzuri za miguu na baiskeli? Ungepata gari linalofika haraka na lisilohitajiwa na mtu. Kinachoipa Kutsuplus thamani ni zile safari ndefu za kimshazari, na hizo ndizo zinazodai eneo kubwa, na eneo kubwa ndilo linalodai magari mengi. Umezungushiwa kamba pande zote. Ndiyo maana siwalaumu sana waliochora ramani; nadhani walijua, wakatumaini kwamba miaka mitatu ya ukuaji ingetosha kuwashawishi wenye pesa.

Ninachowalaumu ni kipimo. Magari 15 kwa eneo lile hayakuweza kujibu swali la kama kuunganisha kunalipa, kwa sababu maombi hayakufikia kiwango cha kuunganishwa. Yaliweza kujibu kama programu inafanya kazi na kama watu wa Helsinki watakubali kupanda gari lisilo na namba ya ruti. Maswali hayo mawili yalijibiwa ndiyo, mapema kabisa. Tangu hapo kila mwaka ulioongezwa ulikuwa unanunua jibu lilelile kwa mamilioni, huku namba ya gharama kwa safari ikizidi kukomaa vichwani mwa watu kana kwamba ni hukumu.

Nikiupinga msimamo wangu mwenyewe, kuna hoja moja inayonisumbua. Hata kwa magari mia kadhaa, watu 3 kwa wastani ndani ya gari siku nzima ni wengi. Kila anayeongezwa anamzungusha mwenzake, dakika 24 zinakuwa 28, na yule aliyelipa mara mbili ya nauli ya basi anaanza kujiuliza analipia nini. Halafu abiria wapya wangetoka wapi? Wakitoka kwenye magari yao binafsi, mji umefaidi. Wakitoka kwenye basi la HSL yenyewe, mamlaka inawahamisha watu wake kutoka kiti cha ruzuku ndogo hadi kiti cha ruzuku kubwa. Modeli za kuchomeka vituo hazisemi chochote juu ya hilo, maana zinaanza na orodha ya maombi kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni. Jani-Pekka Jokinen, mchumi aliyekuwa karibu na mradi huu tangu utafiti wa Aalto, aliandika tasnifu ya 2016 iliyotazama uchumi wa magari ya kuita yanayopangiwa njia na kompyuta. Mimi naliona pia suala la dereva: kwenye ile euro 45 ya saa, sehemu kubwa ni mtu aliyeshika usukani, na ukimwondoa, wastani wa abiria unaohitajika unashuka bila kugusa algoridhimu hata mstari mmoja.

Kwa magari 45 yaliyopangwa kwa 2016, fomula yetu ya kipeuo inatoa mita 750 hadi gari la karibu, au kilomita moja ya barabarani: dakika 3. Kungekuwa na la kupima hapo. Baada ya miaka michache, Aprili 2019, MOIA, kampuni tanzu ya Volkswagen, ilifungua huduma ya aina hiyohiyo mjini Hamburg, Ujerumani, kwa mabasi madogo ya umeme yenye viti sita. Siku ya kwanza yaliingia barabarani yakiwa 100.